Tumbo la Mjomba Machimboni

Kwetu Ngazidja nyumba ni ya binti, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wetu alitaka kumjengea dada yangu ndani ya machimbo ya kokoto nyekundu, juu ya kijiji cha Mvouni. Zamani mamluki wa Kizungu walikuwa wamechimba pale kokoto za barabara ya kambi yao, wakaondoka. Chini palibaki tambarare tayari, na nyuma yake kilima kilichokatwa wima, kirefu kuliko mnara wa msikiti.

Mama alisema kilima kile hakijatulia.

"Kipo tangu enzi za mababu, dada," mjomba akamjibu. "Kitaenda wapi?"

Mimi, kwa utundu tu, nilimchora mjomba kwenye ukuta ule wa kilima kwa kupachika vigae vya sahani nyeupe: kofia, miwani, na tumbo la heshima. Kisha mvua ikanyesha wiki mbili.

Tulipokwenda na fundi kupima msingi, kofia na miwani vilikuwa mahali pake. Tumbo lilikuwa pale ambapo magoti yangekuwa.

"Nani huyu?" mjomba akauliza.

"Mkubwa wa mamluki, mjomba."

"Mwongo. Miwani hiyo ni yangu." Akatazama tena, taratibu. "Na tumbo ulilipachika huko chini?"

"Hapana, wallahi. Nililiweka panapostahili. Limeshuka na kilima."

Mjomba akamwambia fundi akunje kamba yake ya kupimia.

Sasa dada anajengewa Magoudjou, kiwanjani kwa bibi. Mjomba ameniadhibu: nikitoka shule nabeba mawe ya msingi. Mama naye ananipakulia nyama mara mbili, na mjomba anajifanya haoni.