Chumvi ya Mlezi

Mwalimu Scholastika, anayefundisha hisabati Nachingwea tangu mwaka 2004, hakuwahi kushika cheo kikubwa kuliko uwakilishi wa bweni. Alikaribia kukipata, kisha akakiacha kwa sababu ya chumvi.

Alizaliwa Lionja, katika familia ya Kimakua iliyovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alibatizwa, akasoma, akachezwa unyago. Mapadri walikuwa wameupunguza unyago ule wakabakiza nyimbo na nasaha. Desturi ya chumvi hawakuitambua, nayo ikaendelea. Mlezi wa mwali hali chumvi tangu mwali anapoingia ndani hadi anapotoka, na mwali mwenyewe ndiye anayemrudishia.

Akiwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, Dar es Salaam, wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wa bweni la wasichana. Kila mwakilishi alikabidhiwa mwanafunzi mgeni wa kumwelekeza: maktaba, ratiba, namna ya kuishi na watu. Yeye alipewa Faudhia, binti wa wakulima wa ufuta wa Ruangwa, aliyefika wiki tatu baada ya wenzake kwa kuwa barua ya kumwita ilichelewa. Wiki hizo tatu hazikufidiwa. Mwisho wa mwaka, Faudhia alishindwa somo la takwimu. Alibakiwa na mtihani wa marudio, ambao wanafunzi waliuita sapu, na akishindwa tena angefukuzwa chuo. Siku ile ile Scholastika aliacha kula chumvi.

Likizo hiyo alikuwa amepangiwa semina ya uongozi Arusha. Ilijulikana kwamba waliohudhuria semina hiyo ndio waliogombea vyeo vya juu. Dastani, katibu wa serikali ya wanafunzi, alimfuata bwenini, akamkuta barazani na jiko la mafuta ya taa.

“Mheshimiwa, basi linaondoka Jumatatu. Jina lako lipo.”

“Lifute. Nina mwali.”

“Una nini?”

“Faudhia ana sapu.”

“Kwani sapu ni yako?” Dastani alichota maharage sufuriani, akaonja, akakunja uso. “Dada, haya yamekosa chumvi.”

“Hayakukosa. Sikutia.”

“Ninyi watu wa Kusini mmempata rais mmoja, mkaona inatosha.”

“Rais hana sapu.”

Dastani alicheka, akaenda kulifuta jina. Faudhia, aliyekuwa ameinamia daftari lake pale pale, hakucheka. Desturi ile aliijua kutoka kwao.

“Da Schola, kula chumvi tu. Mimi nilikwisha kutoka ndani zamani.”

“Ulitoka kwa mama yako. Kwangu bado. Haya, rudia swali la nne.”

Walikaa hivyo wiki sita, bweni likiwa karibu tupu. Asubuhi walifanya mazoezi, mchana Scholastika aliyasahihisha, na Faudhia akaanza kuyatazama maharage yale kama mtu anayetazama saa.

Siku ya matokeo Faudhia alikwenda peke yake kwenye ubao wa matangazo. Alikawia. Aliporudi alipita jikoni mwa mlinzi, akaomba kopo la chumvi, akaja nalo barazani, akachota kwa vidole vitatu na kutia katika sufuria ya mlezi wake.

Scholastika alikoroga, akaonja.

“Umezidisha,” alisema, akaendelea kula.