Bata Aliyekataa Kunona

Manyoya ya ndege aliyenyeshewa yana harufu yake, na wengi hawaipendi. Mimi nikiipata, hata iwe jikoni kwa watu, hucheka peke yangu. Juzi mvua ya kwanza ilimkuta jogoo wa jirani uani. Akaingia kwetu mbio, akajikung'uta mbele ya mafiga, na harufu ile ikapanda pamoja na moshi. Pale pale nikawa mtoto tena, nimepiga magoti katika matope ya mto Themi, kisu mkononi na bata kifuani. Sogeeni niwaeleze, maana habari hii sijapata kuisimulia yote.

Ilikuwa zamani za Wadachi, kabla ya vita. Baba yangu alikuwa fundi seremala. Alipanda huku bara kutoka Pangani pamoja na mafundi waliojenga boma la Arusha, akaoa, akakaa. Babu alipofariki kule pwani, baba akatuma watu wamlete mama yake, ndiye Bibi. Alifika amejitanda kanga tatu, moja juu ya nyingine, akautazama mlima Meru uliokuwa wazi siku ile, akasema, "Kumbe ndilo hilo linalopuliza baridi." Toka hapo yeye na mlima hawakuelewana. Na kwa bahati mbaya kibla huku kwetu iko upande wa Meru, basi kila akisimama kusali ilimlazimu amwelekee mgomvi wake.

Hakuna kilichompendeza. Ndizi za kupika, alisema, ni chakula cha mtu aliyekosa wali. Samaki hakuna. Maziwa yako kila nyumba, kana kwamba watu wote ni ndama. Nyuma ya mlango aliweka furushi lake, limefungwa kwa kanga ya kisutu, wala halikufunguliwa toka alipofika. Mimi nililala naye kitanda kimoja, nimemkumbatia mgongoni. Aliniita mke mwenzake, nami nilimpenda kuliko halua. Kwa hiyo niliposikia kwamba mfanyabiashara mmoja atapeleka msafara wa ngozi Moshi kabla mvua hazijaharibu njia, na kwamba Bibi ameomba kufuatana nao ili huko apande gari la moshi arudi kwao, chakula kilinishinda.

Baba akamwuliza, "Mama, tukupe nini uridhike ukae nasi?"

Bibi akafikiri, kisha akajibu kwa majivuno yote ya Pangani. "Marehemu baba yako alikuwa akiniletea bata wa mtoni. Nchi isiyo na mchuzi wa bata si ya kuzeekea. Nipeni mchuzi wa bata, furushi nitalifungua."

Sasa, baba alikuwa na gobore, lile la kushindilia baruti mdomoni, aliloruhusiwa na boma kuwa nalo. Na bata wa porini walikuwapo. Kiangazi kikikaribia kwisha madimbwi hukauka, nao hukusanyika katika kinamasi kimoja kusini ya mji, pale maji ya Themi yanapotawanyika. Mvua zikishanyesha, kila shimo linakuwa ziwa, nao wanakwenda zao, usiwaone tena mpaka mwaka mwingine. Msafara unangoja kuondoka, bata wanangoja mvua, na mimi katikati nahesabu mawingu.

Kumpiga bata haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kumla. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alishatuambia kwamba risasi huua kwa kugonga, haikati. Ndege akifa kwa risasi ni mzoga, halali yake umuwahi yu hai umchinje. Na baba alikuwa mnene. Mpaka avuke matope, anazama, anajinasua, anatafuta kiatu, bata amekwisha kufa zamani. Safari ya kwanza aliwaokota wamekufa, akampa rafiki yake Loishiye, Mwarusha aliyenywesha ng'ombe wake pale. Loishiye alicheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Fundi, ndege ni wa kuvaa kichwani, kijana akitoka jandoni. Tumboni anakwenda kutafuta nini?"

Basi bata wale, sisi haramu, wao mwiko, wakaishia kwa Mdachi mmoja mwenye shamba karibu na kinamasi. Safari ya pili ikawa vile vile. Yule Mdachi akawa akimwona baba kwa mbali anavua kofia, asielewe kwa nini fundi seremala anampenda hivi.

"Anatakiwa mtu mwepesi," baba akasema, akaitazama miguu yangu.

Mama hakupenda. "Mtoto wa kike, na kisu, matopeni?"

Bibi akadakia kutoka barazani, "Mchinjo wa mwanamke ni halali kama wa mwanamume. Mpe kisu mke mwenzangu, asije akasema namwonea wivu." Kisha akanifundisha kwa kutumia mto wa kitandani: mwelekeze kibla, taja jina la Mungu, kata, na usimtazame machoni. Hilo la mwisho ndilo lililonipotea njiani.

Tulikwenda siku moja kabla ya msafara. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya Meru kama kilemba, na upepo ulinuka vumbi lililokaribia kulowa. Loishiye alikuwapo na ng'ombe wake. Nikamwinamishia kichwa kama wafanyavyo watoto wa kwao, akanigusa utosini.

"Na huyu mdogo naye anakula ndege?"

"Ni wa Bibi," nikasema.

"Bibi ana meno?"

"Machache."

"Basi mpeni maziwa."

Tukalala kifudifudi ndani ya matete. Bata walikuwa wamesimama ukingoni kwa mamia, wamesongamana, nyuso zao nyeupe kama waliopakwa unga. Hawakulia kama bata wa nyumbani, walipiga miluzi, mmoja akianza mwingine akipokea, kama wachunga mbuzi wanaoitana bondeni. Ningeweza kulala pale siku nzima nikiwasikiliza. Gobore likanguruma, moshi ukatufunika, na ulipopungua nikaona anga yote imejaa mabawa, na bata mmoja chini, anazunguka, bawa linaburura.

"Mbio, mwanangu."

Nikakimbia. Matope yalinishika, lakini hayakuniwahi. Nikamrukia, nikamkumbatia. Alikuwa na joto kama mkate utokao jikoni, na moyo wake ulinigonga kiganjani kama mtu anayebisha hodi. Nikamwelekeza Meru. Nikashika kisu. Ndipo akageuza shingo akanitazama.

"Taja!" baba aliita kutoka matetani. "Atakufa huyo, taja!"

Lakini hakuwa akifa. Bawa lilikuwa limechubuka, basi. Nikafikiri: nikimwachia, kesho Bibi anakwenda. Nikimchinja, jicho hili nitalipeleka wapi? Nikaanza kulia, na mvua nayo ikaanza, matone makubwa yakichimba vishimo kwenye matope. Bata wengine wakazunguka juu yetu mara moja, wakapiga miluzi, wakaenda zao. Mwingine wa kupigwa hakuwapo tena.

Nikamfunga ndani ya kanga yangu, nikamrudia baba nimelowa chapachapa.

"Yu hai," nikasema.

"Naona."

"Akiwa hai si mzoga, baba. Hata kesho si mzoga. Atachinja Bibi mwenyewe."

Baba alijipangusa maji ndevuni. Aliyejibu ni Loishiye, nyuma yetu. "Fundi, siku zote hizi unashindana na kifo matopeni, kumbe ndege anabebwa tu kama mbuzi."

Tulifika nyumbani jioni. Bibi alimpokea bata, akamminyaminya kifuani, sisi tumemzunguka.

"Mfupa mtupu," akasema. "Bata wa mwisho wa kiangazi ameshinda njaa. Mnataka nile manyoya? Anoneshwe kwanza."

"Na msafara, mama?"

"Utangulie. Mtu haletewi zawadi akaipa mgongo. Nikishamla ndipo nitakata shauri."

Bata akanoneshwa. Kila Ijumaa mama alinoa kisu kwa mlio mkubwa, akauliza, "Mama, leo?" Bibi akamminya bata kifuani, akajibu, "Bado." Nami nilikwenda nyuma ya migomba kumwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana, Bibi akae na bata asiliwe. Bata alipata mtama, pumba, maganda ya ndizi. Akawa mviringo kama chungu, akitembea anapepesuka. "Bado," alisema Bibi. Nikaamini kwamba ni bata mkaidi, asiyenona. Asubuhi moja nikaona nyuma ya mlango hapana kitu. Kanga ya kisutu ilikuwa imetandikwa ndani ya kikapu karibu na moto, na bata amelala juu yake.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Mtu mwenye heshima zake, akishasema mbele ya mkwe na majirani kwamba anakwenda, harudi nyuma hivi hivi. Anahitaji kitu cha kumshika, hata kiwe na bawa bovu. Baba alijua. Mama alijua, ndiyo maana kisu kile kililia sana na hakikukata kitu. Nyumba nzima ilikuwa ikicheza ngoma moja, ni mimi tu niliyedhani ni vita.

Kiangazi kilichofuata miluzi ilipita juu ya paa. Bata wetu akaitikia, akakimbia uani akijikwaa kwa unene, akainuka juu ya migomba kuelekea Themi. Bibi alimtazama mkono ukiwa juu ya macho.

"Haya," akasema. "Kaondoka sijamla. Sasa nami nitaondokaje, mpaka mnipatie mwingine?"

"Tutamtafuta, mama," baba akajibu, na gobore halikutoka ukutani tena.

Wadachi wamekwenda zao, Bibi hajaenda. Juzi yule jogoo aliyelowa alipojikung'uta, Bibi, ambaye siku hizi macho yake hayaoni mbali, alinyoosha mkono, akamvuta, akamminya kifuani taratibu.

"Huyu naye," akasema, "bado."