Nilimziba Wendell Siku ya Kombe

Nilimziba rafiki yangu zumari asubuhi ya siku kubwa kuliko zote chuoni, halafu jioni nikamkumbatia tukishangilia kombe.

Nimekaa na siri hiyo miaka ishirini na mbili. Leo naimwaga. Mnitukane mkitaka.

Naitwa Keith Abernethy. Nilisoma chuo kidogo huku Iowa, Marekani, chuo kilichoanzishwa na Waskoti. Kila Aprili tuna tamasha lao: wanaume wazima wamevaa kilti, zile sketi za Kiskoti, magoti nje kwenye baridi, wanarusha magogo, na bendi za zumari za mfuko zinashindana.

Chumba kimoja nilikaa na Wendell Haugen. Babu zake walitoka Norwei, damu ya Skoti hana hata tone, lakini kilti aliipenda kuliko sisi wenyewe.

Ila kupiga zumari, jamani, hapana.

"Keith, leo nilikuwaje?"

"Kuna ng'ombe anazaa huko nje, au ni wewe?"

"Mshenzi wewe!"

Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Aisee, zile siku nilizipenda.

Mwaka wa mwisho, sheria ya mashindano ilitaka wapigaji wanane. Tulikuwa saba, na Wendell.

Mimi ndiye niliyelinganisha sauti za zumari zote kabla ya kuingia uwanjani. Mkuu wa bendi, mzee Lachlan, akanivuta pembeni.

"Mzibe Haugen."

"Nimwambie, mzee?"

"Ukimwambia atajitoa, tubaki saba. Ziba, bwana!"

Nikaziba. Vizibo kwenye mabomba yote matatu ya begani, utepe kwenye filimbi ya vidole. Zumari likawa bubu.

Wendell akaandamana katikati yetu, mashavu yamevimba, vidole vinacheza, kelele zetu zimemfunika. Tukashinda. Akalia kwa furaha.

Mimi nilienda kutapika nyuma ya hema. Watu wakasema ni hagisi, kile chakula cha Kiskoti cha matumbo ya kondoo.

Baada ya mahafali nikaanza kumkwepa. Simu zake sipokei. Kadi ya harusi yake nikajibu nina safari. Safari gani! Nilikuwa nyumbani nimekodolea macho ukuta.

Majira ya baridi yaliyopita mzee Lachlan akafariki. Ikaja barua pepe: kwenye tamasha la mwaka huu, Wendell Haugen atapiga wimbo wa kumuaga. Peke yake.

Peke yake! Huyu mtu bado anajiona bingwa kwa sababu ya kombe lile, ataumbuka mbele ya uwanja mzima, na mwenye kosa ni mimi.

Nikaendesha gari kwa muda wa saa sita. Naongea peke yangu, nazima redio, nawasha, nazima tena. Mara mbili niligeuza gari nirudi nyumbani.

Nilimkuta nyuma ya mahema, kipara tayari, zumari kwapani.

"Abernethy! Nilidhani ulishakufa, bwana."

"Wendell, usiende uwanjani. Siku ile ya kombe hukupiga. Nilikuziba."

Akanitazama.

"Keith, we ni mpigaji kweli?"

"Kwa nini?"

"Mfuko umeujaza upepo, unaubana, haupungui. Unadhani sitajua? Nilijua kabla hatujapiga hatua ya kwanza!"

Miaka yote hiyo, mpigaji mzima, jambo dogo kama hilo halikunijia kichwani.

"Sasa ulilia nini?"

"Furaha, mjinga wewe. Mlihitaji wa nane, nikawa wa nane."

Nikacheka kwa nguvu, mzigo umeshuka. Kumbe nacheka peke yangu.

"Kilichoniuma ni ulivyopotea," akasema. "Nilidhani unanionea aibu. Mama alipougua alikuwa anakuulizia: 'Yule Keith aliyekuwa anamaliza pai zangu yuko wapi?' Nikamwambia una kazi nyingi. Nimemwambia hivyo miaka mitatu, Keith, mpaka tumemzika."

 

Wakamwita jina, akaenda.

Alikosea mara mbili, nilizisikia zote. Uwanja mzima ulisimama hata hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi zenye maji, mtu wa miaka arobaini na nne, nalia bila kujificha.

Wewe unayemkwepa mtu kwa aibu, nisikilize. Yeye hajui kwamba ni aibu. Anachojua ni kwamba umemwacha, na anatafuta kosa kwake mwenyewe. Mpigie leo, kabla hujamaliza kuandaa maneno mazuri.

Kesho yake Wendell alinipeleka makaburini. Nikasimama pale, kofia mkononi.

"Mama Haugen, ni Keith," nikasema. "Shikamoo."

Hapo ndipo Wendell alipolia.