Unyoya, Kioo na Baka la Mke Wangu

Alhamisi, Machi 1966. Vumbi tangu asubuhi. Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zao Meru.

Nataka kuandika bila kumwonea mtu, ingawa niliishia darasa la nne na huenda nimeelewa nusu tu.

Mke wangu ana baka jeupe juu ya kiwiko. Wiki jana alipeleka mtoto zahanati kwa sababu ya kikohozi, dresa, yule msaidizi wa daktari, akaliona. Maabara yake ilikuwa unyoya wa kuku.

"Funga macho, mama. Unasikia?"

"Nisikie nini?"

Unyoya ulikuwa umeshapita juu ya baka, hakusikia. Basi, ukoma huo. Akauliza baka lilitoka wapi, mke wangu akasema alizaliwa nalo. Akaamriwa awe anakula kwa sahani yake peke yake.

Haki yake dresa nimpe: hakutegemea kuku peke yake. Alimkata kidogo kwenye ndewe ya sikio, akapaka majimaji kwenye kioo kiende Meru, kwenye hadubini, wakatafute wadudu. Kioo kilisafiri na konvoi ya malori, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, kwa sababu ya vita vya shifta. Mimi niliwahi kunyimwa nafasi kwenye malori hayo. Kioo kilipata kiti.

Leo tumeitwa zahanati, jibu limerudi: hakuna mdudu. Nikacheka.

"Usicheke, mzee," dresa akasema. "Kuna ukoma wenye wadudu wachache, kioo hakiwapati. Kikisema wapo, wapo. Kikisema hawapo, hakijasema kitu."

"Sasa kilienda Meru kutembea?"

Lakini nikifikiria, alikuwa sawa, na hilo lilinikasirisha zaidi. Akasema kesho konvoi itampeleka mke wangu kambi ya wakoma. Mtoto, ambaye bado ananyonya, abaki na mimi.

Hapo mke wangu akafungua mdomo. "Nilichomwa."

"Nini?"

"Nikiwa mdogo, kule Kulamawe. Mkono ulivimba, mama akanichoma na chuma cha moto."

"Na ukaniambia umezaliwa nalo!" dresa akasema.

"Siku ile ulifukuza mama mmoja mbele yangu. Ukasema mtu wa kuchomwa chuma asikanyage hapa. Na mtoto anakohoa, anataka dawa. Nikangoja kioo kinitetee."

Dresa akauchukua tena ule unyoya, akauzungusha pembeni mwa baka, akaushusha hadi vidoleni. Mke wangu alisikia kila mahali isipokuwa katikati. Dresa akapapasa mshipa wa fahamu kwenye kiwiko, ambao ukoma huuvimbisha; haukuwa umevimba.

"Ni kovu la moto," akasema polepole.

Hakuomba msamaha, ila alijaza chupa ya dawa ya kikohozi mpaka shingoni. Na mke wangu alidanganya, hilo pia niliandike. Kwa hiyo unyoya tunao, kioo tunacho. Kipimo cha kumuuliza mtu bila kumfokea nafikiri bado kinangoja konvoi.

Jioni tulikula githeri, sote sahani moja. Yeye alichagua maharagwe yote, akaniachia mahindi. Niliyatafuna bila kufoka.