Seli Zilizomlinda Waya

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa msichana, fundi wa maabara katika hospitali moja, na mezani pangu palikuwa na kipande cha nyama kutoka kwenye titi la shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi humwita waya. Aliuza viazi vitamu katika soko la Rodi Kopany. Uvimbe wake ulikuwa umekatwa wiki hiyo, na nyumbani watu walishaanza kunong'ona habari za matanga.

Machozi yakanilenga kabla sijaigusa darubini. Daktari Okelo, mzee aliyenifunza kazi, akaniangalia.

"Nyathina, mtoto wangu, unalia msiba ambao haujabisha hodi? Tazama kwanza."

Basi nikatazama. Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo penye utamu. Vifereji vya maziwa vimezungukwa na seli nyembamba. Ndizo hubana na kusukuma maziwa mtoto anaponyonya. Seli hizo zina protini iitwayo maspini, inayozuia seli mbaya zisijikatie njia kwenda kwingine. Tulikuwa tumeitia rangi ya kahawia ionekane. Nikafuata kifereji kimoja hadi kingine, na kila kimoja kilikuwa na pete yake ya kahawia, nzima. Okelo akatazama pia, akalinganisha na vipimo vingine, akapiga meza kofi. "Saratani haijatoka!"

Waya alikuwa ameketi nje. Daktari akamweleza: saratani ipo, ila bado imezuiwa ndani ya vifereji, apasuliwe tena, iliyobaki iondolewe kabisa.

"Kwa hivyo mwizi ako ndani, na mlango bado imefungwa?"

"Imefungwa, waya," nikasema.

"Basi mtoeni haraka, mimi nirudi soko!"

Akapiga kigelegele, na wagonjwa kwenye foleni wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Alipasuliwa, akapona. Hadi leo akicheza kanisani, vijana ndio huomba kupumzika.

Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Ukihisi kitu kigeni mwilini, usikifiche kwa aibu wala usijizike kwa hofu. Nenda upimwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiambiwa utibiwe, tibiwa.

Mungu akupe afya, akupe watu wa kukuambia kweli, na furaha yako isikike hadi kwa majirani.