Kuwanywesha Ng'ombe wa Udongo

Mdogo wangu alivunjika mguu msimu wa pamba, akiwa na miaka minne. Alipanda juu ya marobota yaliyopangwa nje ya kiwanda cha kuchambulia pamba, mahali ambapo watoto wote wa mji wa Shinyanga tulikatazwa kupanda na wote tulipanda, akateleza akaanguka. Mimi sikuwapo siku hiyo, na hakuna aliyenilaumu. Kulaumiwa kwangu kungekuja baadaye, kama watu wangejua.

Baba alikuwa mtu wa pwani, fundi cherehani, aliyeifuata reli mpaka akaona inatosha, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka la Mhindi. Mama alizaliwa upande wa Kishapu, katika watu wa ng'ombe, na alipoolewa aliingia Uislamu na mji kwa mara moja. Mguu ulipovunjika walibishana kidogo. Baba alitaka dua na mafuta. Mama alitaka mzee mmoja wa kwao anayeunga mifupa. Wakafanya yote mawili, na mzee akaja.

Aliunyoosha ule mguu kwa mikono yake huku mtoto akipiga yowe lililotoa majirani nje, akaufunga kwa magome na vijiti, akaosha mikono, akanywa uji. Halafu akamwambia Mama kwa Kisukuma, naye Mama akamfasiria Baba, kwamba mtoto asikanyage chini mpaka mwezi uandame mara mbili. Akikanyaga kabla, mfupa utashika unavyotaka wenyewe, na hakuna mganga atakayeutoa hapo. Atachechemea mpaka kaburini.

Mweke chini mtoto wa miaka minne kwa miezi miwili ujionee. Siku za kwanza alilia, na kulia kulikuwa nafuu, maana aliyelia alikuwa amelala. Maumivu yalipopungua ndipo taabu ilipoanza. Kila Mama alipogeuka kutazama chungu, mtoto alikuwa ameshatambaa mpaka mlangoni akiburuta vijiti vyake. Mara mbili alikutwa ameshika mlango, anajaribu kusimama. Mama alimfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, akalia yeye mwenyewe, akamfungua.

Kitabu kilikuja wakati huo. Baba alikuwa akimshonea nguo mke wa Mzungu mmoja, na yule bibi alipokuwa akifungasha mizigo kurudi kwao alimpa Baba vipande vya kitambaa vilivyobaki pamoja na kitabu cha watoto kilichotoka jalada. Kila ukurasa ulikuwa na picha moja ya rangi, na chini yake maneno machache ya Kizungu. Nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kuyasoma. Baba alisoma herufi za Kiarabu, Mama hakusoma herufi zozote, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi, nilikuwa bado nachapwa chuoni kwa ajili ya juzuu yangu ya kwanza.

Mama akakiweka kitabu juu ya sanduku, mahali ambapo mtoto angekiona na asingekifikia, akatoa amri. Tutafungua ukurasa mmoja kwa siku. Tukishautazama tutatengeneza kilichomo. Asiyekaa kitako hafunguliwi ukurasa. Mimi nilimwambia picha zote zingetazamwa kwa mara moja zikaisha, ya nini kuzivuta hivyo. Akanijibu kwamba picha bila kazi ya mikono ni kumwonyesha mwenye njaa chakula cha jirani.

Basi tukaanza. Siku ya nyumba tulijenga nyumba kwa mabua ya mtama, tukiyashikiza kwa miiba. Nyumba ya kitabuni ilitoa moshi kupitia kibomba juu ya paa, na Mama akasema, "Nyumba hii inavuta kiko," mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa. Siku ya gari moshi Baba alitupa vile vigurudumu vya mti vinavyobaki uzi wa cherehani ukiisha, tukavifunga chini ya visanduku vya kiberiti. Mtoto aliketi kwenye mkeka, mguu umenyooshwa mbele, akaliendesha gari lake juu ya mguu wenyewe kama juu ya daraja. Siku ile hakutambaa hata mara moja.

Siku ya kondoo ndiyo iliyotutia katika maneno ya watu. Kondoo wa kwetu mnawajua, manyoya mafupi, mkia mnene umejaa mafuta. Yule wa kitabuni alikuwa mweupe, ametutumka mwili mzima, macho hayaonekani vizuri. Mama akamkazia macho kwa muda mrefu.

"Wamemvika pamba," alisema mwishowe.

"Kwa nini?" mdogo wangu akauliza.

"Kwao kuna baridi. Unafikiri pamba yetu yote hii inayopakiwa kwenye gari moshi inakwenda wapi?"

Jambo lilieleweka. Tulimfinyanga kondoo, tukamvika pamba kwa utomvu, na jioni Mama akawasimulia wanawake kisimani kwamba ameona kwa macho yake Wazungu wanakopeleka pamba. Wengine walishangaa, wengine walikasirika, maana ndiyo kwanza walikuwa wamevunjika migongo kuichuma. Baba aliposikia alicheka akashindwa kushona. Mama hakukubali kwamba amekosea, na kwa kweli mimi nilikuja kugundua ukubwani kwamba manyoya yale ni ya kondoo mwenyewe.

Sikuwahi kumwona Mama akiwa na furaha kama wiki zile. Alikuwa mwanamke wa kazi, mchache wa maneno, aliyezungumza Kiswahili chake kwa tahadhari kwa sababu wake wa watu wa pwani walimcheka. Mbele ya kitabu hakuna aliyejua kuliko yeye. Alirudi kutoka kisimani akikimbia. Nilimwonea mdogo wangu wivu, nakiri, kwa kuwa mimi nilipokuwa na miaka minne hakuna aliyenifungulia kitu.

Jirani yetu, mke wa mwalimu wa chuo, alikuja akaona kondoo kwenye dirisha. Akasema nyumba na gari moshi havina neno, lakini kufinyanga chenye roho si kuzuri, ipo siku mtu ataulizwa. Mama alimweleza Baba aliporudi. Baba akasema ni mchezo wa mtoto mgonjwa, na Mungu haoni haya kumwona mtoto mgonjwa akicheza. Mama akaendelea, ila nilijua neno lile lilimkaa.

Kisha ikaja siku ya ng'ombe.

Wale wa kitabuni hawakuwa na nundu. Mdogo wangu alipowaona aliangua kilio, akidhani wamekatwa. Ilibidi niende bwawani, maji yalikuwa yamepungua sana, nikachimba udongo mweusi pembeni nikarudi nao kwenye karai. Mama akafinyanga ng'ombe kumi na wawili wenye nundu na pembe ndefu, sawasawa na wa kwa baba yake, akawaanika kivulini wakakauka. Hakuwachoma. Mtoto akatenga madume na majike, akawaita kwa rangi ingawa wote walikuwa weusi.

Sasa, mtu asiyezaliwa katika ng'ombe anaweza kudhani kazi imeishia hapo. Kwa Wasukuma, ng'ombe wa udongo si pambo la dirishani. Wanafunguliwa asubuhi, wanachungwa, jua likiwa katikati wananyweshwa, jioni wanarudishwa zizini, na mtoto anayewasahau anachekwa na wenzake. Mama alitupa mchezo wote kama alivyoucheza yeye. Zizi lilikuwa la miiba chini ya kitanda. Malisho yalikuwa ule upande wa mkeka ambao mdogo wangu aliweza kuufikia kwa mkono. Kunywesha ilikuwa kazi yangu. Nilichukua bakuli tupu, nikawainamisha vichwa ndani mmoja mmoja, nikapiga mluzi.

Kazi hiyo ilinichosha kuliko ninavyoweza kueleza. Wenzangu walikuwa njiani, mavuno yamekwisha, ngoma za mashindano zinapigwa kila upande, nami nipo chumbani nanywesha udongo. Siku moja mtoto alinisumbua, nikamwambia kwa hasira, "Ukinisumbua tena siwanyweshi. Na wasipokunywa saa sita, saa saba wamekufa." Alinyamaza papo hapo. Niliona dawa imefanya kazi, nikaendelea kumpa kila siku.

Zilikuwa zimebaki kama siku kumi mwezi wa pili uandame. Mama alikwenda kuteka maji, na siku hizo za kiangazi foleni ya kisimani ilikula nusu ya siku. Aliniambia, "Usitoke. Kaa naye mpaka nirudi." Nikasema sitoki. Hapo wakapita Wayeye, wale wacheza ngoma wa nyoka, na mmoja alikuwa amejivika chatu shingoni, hai, mnene kama paja langu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba ng'ombe wako malishoni, awaangalie, narudi sasa hivi.

"Dada, na maji?"

"Nikirudi."

Sikurudi sasa hivi. Jua lilipokuwa katikati mimi nilikuwa nimebanana na watu nikitazama chatu anavyobusiwa mdomoni.

Nilimkuta kwenye kona ya mtungi. Alikuwa amewabeba ng'ombe wote kwenye upindo wa nguo yake, amesimama, amevuka chumba kizima kwa miguu miwili, akawatia kwenye karai la maji ya kuoshea. Kisha akaanguka. Vijiti vilikuwa vimekwenda upande. Ndani ya karai mlikuwa na tope jeusi na pembe mbili tatu ambazo hazijayeyuka bado. Hakuwa analilia mguu. Aliniambia, "Nimechelewa, wamekufa."

Nilimbeba nikamrudisha kwenye mkeka, nikavinyoosha vijiti kwa kadiri nilivyoweza, na Mama aliporudi nikasema nilikwenda uani mara moja tu, niliporudi nikamkuta chini. Mara moja tu. Mdogo wangu aliulizwa, akasema alikwenda kunywesha ng'ombe, na hilo lilikuwa kweli.

Mzee wa Kishapu aliitwa. Aliufungua mguu, akaupapasa kimya, akaufunga tena. Alimwambia Mama kwamba mfupa umeshika vibaya, na kuuvunja upya kwa mtoto mdogo hivyo ni jambo asilotaka kulibeba. Mguu wa kushoto ulibaki mfupi. Mdogo wangu alikua, akaolewa, akazaa, anachechemea mpaka leo.

Mke wa mwalimu alikuja kutoa pole. Hakusema neno baya, nampa haki yake. Alitazama karai, akatazama dirisha, akasema, "Mungu atusamehe sote." Mama akainama. Nikaona anavyolipokea neno lile kama mtu anayepokea mzigo kichwani, anautengeneza ukae vizuri kwa sababu safari ni ndefu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningesema, "Mama, nilikuwa kwenye ngoma." Maneno manne. Nikachukua ufagio nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha fagiwa.

Kesho yake kondoo na gari moshi na nyumba viliingia jikoni, vikawa moto. Kitabu Mama hakukichoma, alimpa Baba. Karatasi ilikuwa nzito, naye Baba akakata humo vielelezo vya kola na mifuko. Kwa miaka mingi kwenye baraza la Mhindi ungeweza kuona mfuko wa kanzu unapimwa kwa mgongo wa ng'ombe asiye na nundu.

Baadaye walizaliwa wadogo zangu wawili wengine, mapacha. Mama aliwalisha, akawaosha, akawatibu. Hakuketi nao mkekani hata siku moja. Walipomletea bua au udongo aliwaambia waende wakacheze nje. Walikua wakijua kwamba mama yao ni mtu mkavu, na mmoja wao aliwahi kuniambia hivyo, nami sikumjibu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, nilitembea humo mpaka nikazoea.

Niliolewa na mtu wa machimbo ya dhahabu, tukaishi Geita. Mwaka mmoja nilirudi nyumbani na binti yangu, aliyekuwa ameanza shule na kupewa kitabu chenye picha. Alikitandika kwenye mapaja ya bibi yake, akaweka kidole kwenye picha ya mashua.

"Bibi, tutengeneze hii."

"Mwambie mama yako," Mama akasema. "Mimi sifanyi. Nilimharibia mtoto mguu kwa michezo hiyo."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kabila lake. Hapo nikashindwa. Nilimtuma mtoto dukani, nikamweleza Mama yote, chatu, bakuli tupu, yale maneno ya saa sita na saa saba, na uani ambako sikwenda. Nilikuwa nalia. Nilijiandaa anipige, ingawa nilikuwa mama wa mtu, au aniambie nilikuwa mtoto, yamepita. Nadhani hilo la pili ndilo nililolifuata.

Mama alikuwa bado ameshika kile kitabu. Alikifunga taratibu, akakiweka pembeni. Uwanjani mmoja wa mapacha, kijana mkubwa tayari mwenye ndevu, alikuwa akipasua kuni. Mama alimtazama muda mrefu.

"Basi wale wawili niliwanyima bure," alisema.

Hakuniuliza lolote juu ya mguu.