Abiria wa Uani kwa Mzee Ismail

Yule mama nilimwona kwa mara ya kwanza Jumapili, mchana kweupe, jua linawaka. Alikuwa amesimama kituoni Mtwara, kifurushi kichwani, anasubiri treni.

Alikuwa na urefu wa kidole gumba.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyekubali kwamba amemweka pale.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana najua humu kuna watu wataanza "acha fiksi" kabla sijafika popote. Naitwa Chiku. Nina meza yangu Kariakoo, natengeneza redio, spika na chaja. Mtu akinisimulia habari za vitu vinavyotembea vyenyewe, huwa namuuliza kama nyumbani kwake wanafunga mlango. Hasira zangu pia ziko karibu, wanaonijua wanajua.

Sasa, Kariakoo karibu yote imegeuka maghorofa, ila Mzee Ismail bado ana ile nyumba ya kizamani yenye uwanja mpana nyuma. Alikuwa fundi wa reli, amestaafu, mkewe ameshatangulia mbele ya haki. Humo uani ndimo tulimojenga treni yetu.

Treni ndogo, ya kuchezea ukiiangalia haraka haraka. Lakini reli yake inazunguka bustani nzima. Inapita chini ya mrehani, inavuka daraja la bati, inazama kwenye mchaichai na kutokea upande wa pili.

Hatulipwi na mtu. Kila Jumapili baada ya alasiri tunakutana: Mzee Ismail anashughulika na reli, mimi umeme, Marcelino mbao, na Bibi Paskalina mimea. Watoto wa mtaani wanaingia kuangalia bure.

Kuijenga ilikuwa rahisi. Kazi ni kuitunza. Mvua inazoa kokoto, paka wanalala darajani, majani yanaziba njia, na kila wiki kuna waya umeliwa na kutu.

Reli yenyewe ni ile ya Kusini. Kwa wasiojua, zamani kulikuwa na reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Mwanzoni mwa miaka ya sitini ikang'olewa yote. Bibi Paskalina ndiye aliyeiomba.

"Hizi nyingine watu wanazipanda kila siku," alisema. "Jengeni ile isiyokuwepo."

Nani amkatalie? Mimi nilipoingia Bongo kutoka Masasi, sina mbele wala nyuma, yule bibi ndiye aliyenipa pa kulala na sahani ya kula. Wala hatuna undugu wa damu. Ila nikiumwa, yeye ndiye ninayemwita, na sina mwingine.

Mzee Ismail alitoa sharti moja tu. Hataki sanamu ya mtu nyumbani kwake, dini yake haimruhusu. Tukakubali kiroho safi. Vituo vyetu vikawa vitupu, na treni ikawa inakwenda bila abiria.

Halafu ndiyo huyo mama akatokea.

"Marcelino!" nikamwita. Marcelino ni Mmakonde, anashona viatu pale Mchikichini, na akishika kisu na kipande cha mti, utapenda. "Umeanza lini utani wa hivi?"

"Utani gani tena, dada?"

"Huu hapa."

Akainama akamtazama. "Sijamweka mimi," akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Mzee Ismail akaja, akavaa miwani. "Astaghfirullah! Nani kaniletea hiki kitu?" Akanyoosha mkono amtoe.

"Muache, Mzee," Bibi Paskalina akasema kutoka kwenye mchaichai. "Huyo anasubiri treni."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mzee akarudisha mkono. Hakuna aliyeuliza zaidi, hata mimi na mdomo wangu huu.

Jumapili iliyofuata yule mama hakuwepo Mtwara. Alikuwa ameshavuka daraja, amesimama kituo kinachofuata.

Nikajua tu, kuna mtu anatuchezea. Nikawasha treni kwa hasira. Ikatoka vizuri, ikapanda daraja, ikafika pale aliposimama yule mama. Ikagoma.

Nikapima umeme, upo. Nikasugua reli kwa msasa. Nikainyanyua injini, magurudumu yakazunguka hewani kama kawaida. Nikiirudisha chini, imekufa. Jasho lilinitoka, watoto wananicheka.

Bibi Paskalina akaja taratibu, akapiga magoti, akanong'ona maneno ya Kimwera. Sikuyaelewa.

Treni ikaondoka.

Nikasingizia waya umelegea, kwa sababu lazima fundi aseme kitu.

Siku hiyohiyo, tukiwa tunafagia majani, Bibi akanisimulia.

"Mama yangu alipanda treni Nachingwea, mimi bado mdogo. Anakwenda Mtwara kumwangalia dada yake mgonjwa. Akaniambia nitarudi na treni. Basi kila treni ikiingia, mimi niko stesheni."

"Hakurudi?"

"Siku moja nikakuta wanaume wanang'oa reli wanapakia. Nikamuuliza mmoja wao, sasa mama atapita wapi? Wakacheka wote."

Akaendelea kufagia. Baadaye watu walimwambia mama yake alifia hukohuko, wengine wakasema aliolewa. Kaburi hakuna. "Mtu asiyezikwa hajafika, mwanangu," akasema. "Bado yuko njiani."

Sasa shika hili, maana ndilo lililonivuruga akili. Bibi alikuwa anakonda. Alikuwa na uvimbe tumboni, daktari ameshasema afanyiwe upasuaji na asichelewe. Kila nikimwambia twende, jibu lake ni lilelile.

"Acha kwanza mama afike."

Na mama alikuwa anafika kweli. Kila Jumapili tunamkuta amesogea, na kila Jumapili Bibi anazidi kupungua ndani ya kanga yake. Nilianza kuziogopa Jumapili. Nikawa namuaga mteja mezani kwangu, natembea hadi kwa Mzee, na miguu haitaki kuingia mlangoni.

Kwetu sote tumeyasikia haya. Mgonjwa akianza kuwataja marehemu, ujue wamekuja kumfuata. Babu yangu alimtaja kaka yake wiki nzima, kisha tukamzika. Kwa hiyo niliona mambo wazi kabisa: yule mama akitia mguu Nachingwea, anaondoka na binti yake.

Nilimwambia Marcelino. Akanijibu, "Ya wazee waachie wazee." Nikamwona mpuuzi.

Alipofika Ruo, ambacho kwenye reli yetu ndicho kituo cha mwisho kabla ya Nachingwea, sikulala. Nilitamani kumtupa baharini pale Magogoni. Lakini nilipomshika kifurushi chake, vidole vilikataa. Ukweli nilimwogopa.

Nikapata wazo jingine, na niliona nina akili sana.

Ijumaa, Mzee Ismail ametoka kwenda msikitini kuswali, nikafungua kwa ufunguo wangu. Nikapiga magoti kati ya Ruo na Nachingwea na bisibisi na koleo. Nikaanza kung'oa reli, kipande baada ya kipande, na mataruma yake, vile vijiti vya chini vinavyoibeba, natupia kwenye mfuko wa sandarusi. Treni isipopita, mama hafiki. Mama asipofika, Bibi hafi. Basi.

Nilikuwa nakaribia kumaliza nilipohisi kuna mtu nyuma yangu.

Bibi Paskalina alikuwa mlangoni, kopo la kumwagilia mkononi. Akautazama mfuko. Akaitazama ardhi tupu. Kopo likamponyoka, maji yakamwagikia miguuni na hakusogea.

"Sasa mama atapita wapi?"

Sauti haikuwa ya mtu mzima. Nakwambia ilikuwa sauti ya mtoto, nyembamba, imetoka kwenye mdomo wa bibi wa miaka sabini na kitu. Sijawahi kuogopa kama siku ile.

"Bibi, mimi nataka upone!" nikalia. "Anakuja kukuchukua! Nyie wote mnaona mnanyamaza!"

"Kunichukua?" Akakaa chini palepale kwenye matope. "Nani kakwambia? Mimi nataka nimzike, Chiku. Nimzike nyumbani, halafu niende nikalale kwenye kitanda cha hospitali roho yangu imetulia. Nikifa mezani kwa daktari na yeye bado yuko njiani, nani atampokea?"

Nikaweka koleo chini.

Kumbe alikuwa anangoja amzike mama yake ndipo atibiwe. Na mimi, kwa akili zangu, nilikuwa namcheleweshea matibabu.

Nilimwaga mfuko, nikaanza kurudisha reli huku machozi yananizuia kuona misumari. Mzee Ismail akarudi na kanzu yake nyeupe. Nikajua leo nafukuzwa. Akatutazama, akasikia maneno mawili matatu ya Bibi, akafunga kanzu kiunoni na kupiga magoti.

"Hilo taruma umeligeuza," akaniambia. "Lete hapa."

Tukampigia simu Marcelino, akafika mbio. Yeye ndiye aliyemaliza kusawazisha kokoto.

"Nilimchonga mimi," akaniambia pembeni, macho chini. "Bibi aliniomba, akaniapisha nisiseme. Ila kumweka pale, hapana."

Jua likiwa bado halijazama, Bibi Paskalina akamchukua mama yake Ruo, akamsimamisha kwenye behewa. Nikawasha. Treni haikugoma. Ilikwenda polepole kwenye ile njia tuliyoilaza upya, inatikisika kidogo, ikaingia Nachingwea. Watoto walikuwa wanachungulia mlangoni.

Aliyechimba shimo chini ya mrehani ni Mzee Ismail.

"Mzee, si ulisema sanamu..." nikaanza.

"Hii maiti," akanijibu. "Maiti hazikataliwi."

Bibi akasali sala zake za Kikristo, akamfukia kwa mikono yake mwenyewe. Mzee alisimama pembeni, ameinamisha kichwa. Bibi alipomaliza alilia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyeachwa stesheni. Tukamwacha alie mpaka alipochoka.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alituambia, mngengoja kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Nilikaa kwenye benchi wakati wa upasuaji, nikamwomba Mungu kwa maneno ya kila dini ninayoyajua.

Akatoka salama.

Nikasubiri apate nguvu, ndipo nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua.

"Bibi, kama ulitaka kumzika tu, kwa nini ulikuwa unamsogeza kidogo kidogo? Si ungemfikisha siku ya kwanza, tuyamalize?"

Akanitazama kwa mshangao.

"Mimi? Mimi nilimweka Mtwara tu. Kila nikitaka kumnyanyua, mikono inakataa, mpaka ile Ijumaa mlipokuwa nami. Nikija Jumapili namkuta yuko mbele. Nikasema moyoni, Chiku huyu, mtoto ana huruma, anamleta mama yangu." Akanishika mkono. "Ndiyo maana nilipokukuta unang'oa reli sikukuelewa. Umlete wewe, umzuie wewe?"

Mimi sijamsogeza hata siku moja.

Nimemuuliza Mzee Ismail. Ameniapia wallahi hajawahi kukigusa kile kitu, na yule mzee haapi ovyo. Marcelino hana ufunguo. Wengine wenye ufunguo ni Bibi, ambaye mikono yake ilimkatalia, na mimi, ambaye najua nilichofanya.

Bibi sikumwambia. Nilimfunika shuka, nikamwambia pole. Bado anaamini ni mimi, na kila akinishukuru nageuza uso.

Ninachowaambia ndugu zangu ni hiki. Nilijiona nampigania Bibi, kumbe nilikuwa najipigania mwenyewe nisibaki peke yangu mjini. Ukiona mtu wako anasubiri jambo, hata kama jambo lenyewe linakutisha, muulize analisubiri kwa nini. Muulize kabla hujamng'olea njia, maana mimi nilikuwa na ufunguo wa uani na mdomo wa kuulizia, nikautumia ufunguo.

Na kama humu kuna mtu anayejua nani alikuwa anamsogeza yule mama, tafadhali sana asiniambie. Mimi nimekwenda peke yangu kwenye mrehani, nimeshamwomba radhi.